Kutengeneza Nyumba Peke Yako: Nani Ajua Uko Juu ya Paa?

Ndugu mkulima, mahindi yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, yamo ghalani, na ardhi ingali kavu. Huu ndio wakati ambao mwenye shamba katika Uasin Gishu hutazama nyumba yake na kuona mambo ambayo hakuwa na nafasi ya kuyatazama tangu mvua zilipoanza: bati lililofunuliwa na upepo, mfereji wa maji uliolegea, mlango wa ghala usiofungika, choo kilichotitia upande mmoja. Kila mtu ajua ya kuwa mvua zitarudi mwezi wa Machi au Aprili, na ya kuwa fundi wa mjini hafanyi kazi bure. Basi mtu huchukua nyundo yake na misumari, huegemeza ngazi ukutani, akapanda.

Sina neno juu ya hayo. Mkulima anayeita fundi kwa kila msumari hatakuwa na fedha ya mbolea. Neno langu ni juu ya kupanda wakati hakuna mtu hata mmoja ajuaye ya kuwa umepanda.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nalisomea ualimu. Si fundi, wala sijifanyi fundi. Lakini nyumba ya wazazi wangu iko katika skimu upande wa Turbo, na tangu baba afariki kazi za nyumba hiyo zimekuwa zangu siku za mapumziko. Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nalikwenda kuuinua mfereji wa mabati unaopeleka maji katika tangi. Mama alikuwa amekwenda matangani. Ngazi ilikuwa ile ile waliyoiacha mafundi zamani, miti miwili ya mkaratusi iliyopigiliwa vipande vya mbao. Nalipokuwa kwenye kidato cha sita, kidato hicho kiling'oka misumari. Urefu wenyewe haukupita futi nane. Nikaanguka juu ya ukingo wa saruji wa tangi, na mguu ukavunjika kwenye kifundo.

Simu yangu ilikuwa dirishani, upande wa pili wa nyumba, nimeiweka hapo ili isianguke. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mbwa alikuwa amefunguliwa. Nalipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Saa tisa mtoto wa jirani akaja kuchukua maziwa, akamwogopa mbwa, akageuka kwenda zake. Bahati njema alinisikia nikimwita kwa jina. Nalivaa plasta kwa wiki nane. Daktari alisema mguu ni jambo dogo, na akaniuliza ingekuwaje kama ni kichwa, au kama damu ilikuwa ikitoka. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hebu tufikiri kwa nini jambo hili latupata sisi wa skimu kuliko watu wengine. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya Wazungu yaligawanywa, na kila familia ikapewa kipande chake. Kila mmoja akajenga juu ya ardhi yake mwenyewe, mbali na mwenzake. Ulikuwa mpango mzuri kwa ng'ombe na mahindi, maana mtu hulala karibu na mali yake. Lakini katika kijiji cha nyumba zilizokaribiana mtu akipiga ukelele husikika na majirani kumi. Katika skimu ukelele huo huishia kwenye safu ya miti ya mpaka. Siku hizi vipande vimegawanywa tena kwa watoto na vimekuwa vidogo, lakini watoto wenyewe hawapo. Wako Eldoret, ambayo tangu mwaka 2024 ni jiji, au wako Nairobi. Mchana, katika boma nyingi, utamkuta mzee mmoja, au mama mmoja, na mbwa.

Nalipokuwa nikifundishwa ualimu tulionywa sana juu ya rejista. Mwalimu mgeni hudhani ya kuwa rejista ni ya kuwahesabu waliokuja. Sivyo. Waliokuja unawaona mbele yako. Rejista ni ya yule ambaye jina lake likiitwa hakuna jibu, na mwalimu hapana budi aulize yuko wapi. Mtu afanyaye kazi peke yake juu ya paa ahitaji rejista ya namna hiyo. Yaani awepo mtu mmoja ambaye, saa fulani ikifika bila kusikia habari zako, atajua ya kuwa kuna jambo, atakuja kutazama.

Kumwambia jirani "leo niko na kazi nyumbani" hakutoshi. Mwambie mambo manne: unafanya kazi gani, upande gani wa boma, utamaliza saa ngapi, na afanye nini asipokusikia. Kwa mfano: "Mama Chebet, napanda paa la ghala upande wa mtoni. Nitakupigia simu saa sita. Nisipopiga, nipigie wewe. Nisipojibu, mtume kijana aje." Maneno hayo ni machache, wala hayana gharama. Kisha, saa sita ikifika, piga kweli, hata kama kazi haijakwisha. Ukisahau mara mbili, mara ya tatu jirani atasema, "Ndivyo alivyo," na hatakuja.

Mkulima mmoja aliniambia, "Karani, kama ningekuwa na mtu, nisingefanya kazi peke yangu." Ni kweli. Lakini mtu huyo si lazima ashike nyundo, wala si lazima awe shambani mwako. Aweza kuwa dada yako aliye Soy na simu yake. Tena chagua saa. Wengi wetu twajua saa ambayo mchukuzi wa maziwa hupita, na saa ambayo watoto hurudi kutoka shule. Kazi ya kupanda ikifanywa saa hizo ni afadhali kuliko ikifanywa saa nane ya mchana wa Jumanne, wakati njia haina mtu. Jumamosi watoto wako nyumbani. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuizuia ngazi isianguke, wala asisimamishwe chini yake, lakini aweza kukimbia kwa jirani.

Simu na iwe mwilini, katika mfuko wenye kifungo, mahali ambapo mkono wowote wa kulia au wa kushoto waweza kufika. Yangu ilikuwa salama kabisa pale dirishani. Namba 999 na 112 hupigwa bila malipo hata kama huna salio. Mahali ambapo simu haishiki, vaa filimbi shingoni. Filimbi haichoki kama koo. Na kabla ya kupanda, mfunge mbwa na uondoe kufuli langoni. Watu hufunga lango ili wasisumbuliwe kazini, na kwa njia hiyo humfungia nje yule ambaye angewasaidia.

Sasa tuje kwenye ngazi, ambayo najua habari zake kwa mguu wangu.

Ngazi nyingi za boma zetu zimetengenezwa kwa kupigilia vidato mbele ya miti miwili. Katika ngazi kama hiyo uzito wako wote umebebwa na misumari tu. Mvua ikinyesha na jua likiwaka, mti hukauka na kupasuka, msumari hushika kutu na kulegea, na kwa macho huoni kitu. Ukitaka kutengeneza ngazi yako mwenyewe, chonga pengo katika kila mti, kidato kikae ndani ya pengo hilo, kisha upige misumari na kufunga kwa waya. Hapo kidato hukaa juu ya mti wenyewe, na kazi ya msumari ni kukizuia kisitoke tu. Kabla ya kupanda, ilaze ngazi chini, kanyaga kila kidato kwa nguvu. Kikilia, kibadilishe. Usiipake rangi ngazi ya mbao, maana rangi huficha nyufa. Ukiisha kazi iweke ndani ya stoo. Ngazi inayolala nje huoza, tena humsaidia mwizi.

Mwinamo wake una kipimo, nacho ni rahisi. Kwa kila futi nne za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae futi moja kutoka ukutani. Paa la futi kumi na mbili lataka futi tatu chini. Ukiwa huna futi ya kupimia, simama vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, nyosha mikono mbele yako. Viganja vikishika kidato kilicho mbele ya mabega bila wewe kuinama, mwinamo ni mzuri. Ikisimama wima mno itaanguka nyuma pamoja nawe. Ikilala mno miguu yake itateleza. Juu, ngazi ipite ukingo wa paa kwa futi tatu hivi, upate kitu cha kushika unapotoka kwenye paa na kurudi, kwa maana watu wengi hawaanguki wakipanda, huanguka wakitafuta kidato cha kwanza kwa mguu.

Kwa kuwa hakuna wa kukushikia ngazi, kamba ndiyo ikushikie. Funga kichwa cha ngazi kwenye boriti ya paa, si kwenye mfereji wa maji. Mfereji ni bati jembamba. Chini, ikiwa ni udongo, chimba vishimo viwili miguu ya ngazi iingie. Ikiwa ni saruji, funga kila mguu kwa kamba kwenye kigingi au nguzo. Unapopanda, kila mara mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika ngazi. Kwa hiyo nyundo isiwe mkononi. Iweke katika ndoo, panda, kisha uivute ndoo kwa kamba. Kitovu chako kisipite nje ya miti ya ngazi. Ukiona kazi iko mbali, shuka uihamishe ngazi. Hapo ndipo uvivu hutushinda. Tungali tukisema "nitafika tu."

Juu ya paa penyewe, subiri jua. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mabati huwa na umande kama yamepakwa mafuta. Kabla ya saa nne usipande. Mvua zikianza, usipande mchana ukiona mawingu yakikusanyika, maana radi katika nchi yetu ya magharibi si hadithi. Upepo nao ni adui wa mtu mmoja: bati zima la futi kumi likiinuliwa na mtu mmoja juu ya paa ni tanga la mashua, na wewe ndiwe mashua. Kazi ya kuezeka bati zima mwachie siku ya kuwa na wenzako. Kugongomea misumari iliyolegea, hiyo mtu mmoja aweza.

Kanyaga penye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake ndiko kulikopita pao. Kati ya mstari na mstari bati halina kitu chini. Lililo bora zaidi ni kutengeneza ngazi ya kulaza juu ya paa, yenye kulabu ya kushika mgongo wa paa, nawe ukatambaa juu yake. Na kama ni tundu dogo linalovuja, anza kwa kuingia ndani ya nyumba saa ya jua na kufunga milango. Tundu litaonekana kama nyota. Penyeza waya katika tundu hilo. Ukipanda utauona waya mara moja, na kazi ya saa nzima itakuwa ya dakika kumi.

Kuna mapaa mawili usiyakanyage hata kidogo. Moja ni yale mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga, ambayo jua likiyachoma miaka michache huvunjika kama kaki. La pili ni asbestosi, ile ya kijivu nzito, ambayo bado iko juu ya baadhi ya nyumba na maghala ya zamani. Huvunjika bila onyo chini ya mtu mzima, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu, hata saratani, baada ya miaka mingi. Usiipige msumeno, usiisugue kwa brashi. Kuiondoa ni kazi ya watu wenye kibali cha NEMA.

Juu ya stima nitasema kidogo, kwa sababu mkulima hana ruhusa ya kufanya mengi. Kazi ya nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA. Wewe waweza kubadilisha balbu, au kufunga vizuri plagi ya redio ikiwa imechomolewa. Hata hivyo zima swichi kubwa iliyo karibu na mita, si ile ya ukutani tu, na uweke alama juu yake ili mtoto akirudi asiiwashe. Ni vema ujue kwa nini stima ni mbaya zaidi kwa mtu aliye peke yake. Umeme wa nyumba, volti 240, ukipita katika kiganja, misuli hukaza na mkono hujifumba juu ya waya. Mtu ataka kuachia, lakini hawezi. Akiwapo mwenzake atazima swichi, na ikiwa haifikiki atausukuma waya kwa mti mkavu. Asipokuwapo, basi. Tena wenye sola wakumbuke ya kuwa paneli huzalisha umeme maadamu jua laipiga, hata ukizima kila kitu. Ngazi ya chuma isiletwe karibu na waya unaotoka kwenye nguzo. Na waya ukianguka, usiuguse, wazuie watu na mifugo, wapigie Kenya Power kwa 97771.

Jambo la mwisho ni shimo, nami naomba ulisome mara mbili. Haya yote niliyotaja, mtu mmoja akijihadhari aweza kuyafanya. Kuingia katika kisima, katika choo cha shimo, au katika shimo la gesi ya samadi, hawezi. Asiingie. Hata kama ni kuokota ndoo. Hata kama ni dakika moja.

Ndani ya shimo huweza kuwamo hewa mbaya ya namna nyingi. Vitu vikioza hutoa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hukaa chini kama maji. Samadi na choo hutoa ile gesi inukayo kama mayai viza; na hatari yake ni kwamba ikiwa nyingi huiua pua kwanza, mtu akadhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Pampu ya petroli ikiteremshwa kisimani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu kabisa. Wazee walikuwa wakiteremsha taa: ikizimika, hawaingii. Ni kweli, taa ikizimika usiingie. Lakini taa ikiwaka si ruhusa, maana yale mawili ya mwisho yaweza kumwua mtu na taa ikaendelea kuwaka.

Katika nchi yetu mara nyingi hatusikii mtu mmoja amekufa shimoni. Twasikia wawili, watatu, wa nyumba moja. Wa kwanza aliingia kufanya kazi. Ndugu yake aliona ameanguka akaingia kumtoa. Baba akaingia kuwatoa wote wawili. Kila mmoja wao alikuwa na moyo mwema, na kila mmoja alipumua hewa ile ile. Basi kazi ya shimo yataka watu walio juu, na aingiaye awe amefungwa kamba kifuani ambayo watu hao waweza kumvuta kwayo bila wao kuingia. Mwenzako akianguka ndani bila kamba, piga kelele, piga simu 999, waite zimamoto. Usimfuate. Najua ni neno gumu kuambiwa.

Juu ya vyombo, msumeno, na ile mashine ya umeme ya kukatia chuma: vaa miwani ya kazi, na usiondoe kinga yake. Mengine mwayajua.

Ikiwa umeanguka, usikimbilie kusimama. Lala kwanza. Jaribu vidole vya mikono, kisha vya miguu. Ikiwa shingo au mgongo wauma, au huvisikii vidole, usijikokote. Piga simu mahali ulipo. Na wewe uliyemkuta jirani yako ameanguka, usimwinue kwa kwapa na kumketisha kati ya watu wawili juu ya bodaboda, jambo ambalo naliona likifanywa kila mara kwa haraka ya huruma. Mfupa wa mgongo uliovunjika waweza kuponyeka. Ukikunjwa juu ya pikipiki waweza kukata ujasiri wa miguu kwa maisha yote. Ng'oa mlango wa stoo, watu wanne wamlaze juu yake akiwa amenyooka, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, mtafute pikapu. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi na usiache kubonyeza mpaka mfike kwa daktari.

Mfereji wa nyumba ya mama bado umelegea upande mmoja. Ngazi ya zamani tumeipasua kuni, na mpya yenye mapengo nimeimaliza wiki iliyopita. Jumamosi ijayo nitapanda, saa nne mpaka saa saba. Jirani amekwisha kuambiwa, na mama amesema atakaa nje akichagua maharagwe, pale ambapo aweza kuniona.